Karavani isiyovuja: hesabu matundu kabla ya kuhesabu pesa

Karavani, yaani vyumba vya magurudumu vinavyokokotwa na gari, zinazoletwa kwangu Changamwe huja na ombi lilelile: "Fundi, pitisha silikoni hapo juu, imeanza kuvuja." Mimi huingia ndani kwanza. Nakwenda pembe ya mbele, chini ya dirisha, nabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikizama kama kwenye mkate wa mofa ulioloweshwa mchuzi, basi hapo hakuna cha "imeanza". Ilianza miaka mitatu nyuma, na leo ndiyo siku maji yameamua kujionyesha.

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Kwa mwenye kukinga maji ni kweli. Kwa mwenye karavani, ndo ndo ndo ndiyo ya kuogopwa. Chururu utaiona siku hiyohiyo na utapiga kelele. Lakini tone moja kila mvua, likipita kwenye tundu la skrubu na kunywewa na ubao ulio ndani ya ukuta, hulioni wala hulisikii.

Nawaandikia watu wawili: aliyepata karavani iliyotumika kutoka ng'ambo, na anayetaka kujengewa mpya hapa Mombasa, iwe ya kuuzia kahawa na mahamri ufuoni Bamburi au ya kulaza wageni Shanzu.

Hatua ya kwanza: jua imeundwa vipi

Kabla ya kuuliza bei, uliza ukuta umejengwa kwa nini. Jina lililoandikwa mbele halitakusaidia sana kama jibu hili.

Njia ya zamani, iliyotumika kwa miongo mingi, ni fremu ya vipande vyembamba vya mbao, nje bati la alumini, ndani plaiwudi nyembamba, katikati kitu cha kuzuia joto. Pale bati la paa linapokutana na bati la ukuta hupita reli ya alumini, na reli hiyo hufungwa kwa skrubu zinazozama kwenye mbao. Chini ya reli kuna mastiki laini ya kuziba. Sasa piga hesabu. Skrubu zikiwa kila baada ya sentimita 15, reli ya mita 5 ina matundu zaidi ya 30, na karavani ina reli mbili za hivyo ubavuni, bado hujahesabu za mbele na nyuma, madirisha, taa na ngazi.

Kila tundu linategemea mastiki ibaki laini. Na hapa kwetu jua haliiachi. Alumini hutanuka ikipata joto: bati la mita 5 likitoka nyuzi 24 za asubuhi ya mvua hadi nyuzi 64 za saa nane mchana, linaongezeka karibu milimita 4 na nusu. Mbao iliyo chini yake haifuati mwendo huo. Kwa hiyo kila siku bati linavuta, linarudi, linavuta, linarudi, na skrubu inatanua tundu lake yenyewe. Mastiki ikikauka na kupasuka, mlango uko wazi.

Watu wa pwani wanaojua majahazi huniambia, "Lakini mbao na maji si wageni." Ni kweli kwa jahazi. Fundi hukalafati mshono kwa pamba na mafuta, chombo kikishuka majini ubao unavimba na kuubana mshono wenyewe. Ndiyo maana jahazi lililokaa sana pwani juani huingiza maji siku za kwanza, halafu linatulia. Karavani haina neema hiyo. Ubao wake umefungiwa gizani kati ya bati na plaiwudi, ukinywa maji hauna pa kupumulia. Unavimba, unasukuma bati, unapanua tundu, unaoza.

Njia ya pili ni ukuta wa sandwichi: ngozi ya alumini au faibaglasi nje, povu gumu la polistireni katikati, plaiwudi ndani, vyote vimegandishwa kwa gundi chini ya mashine ya kubana. Ni mwepesi na una nguvu. Lakini zile za zamani bado zina mbao zilizofichwa kuzunguka madirisha na kwenye kingo, na hizo ndizo huoza kwanza. Sakafu nazo hutengenezwa hivyohivyo. Gundi ikiachia, unahisi unakanyaga mkeka uliotandikwa juu ya mchanga.

Njia ya tatu ndiyo wauzaji huiita ya kisasa. Nchini Uingereza, kampuni ya Bailey mwaka 2009 ilileta mfumo iliouita Alu-Tech, ambapo fremu ya alumini hubana kingo za ukuta na paa badala ya kutegemea skrubu zinazotoboa kutoka nje. Swift, kwa matoleo ya 2014, iliondoa mbao kwenye fremu na kuweka plastiki ya poliyurethani, ambayo hainywi maji. Elddis ikaelekea upande wa gundi za viwandani badala ya skrubu. Ukizitazama kampuni hizi tatu utaona zote zinalenga kitu kimoja: kupunguza matundu, na kuhakikisha maji yakiingia yasikute kitu cha kuozesha.

Neno "yakiingia" nimelitumia kwa makusudi. Hakuna kiwanda kilichoondoa madirisha. Palipokatwa dirisha, tundu la hewa la paani, soketi ya umeme au mlango wa betri, pana mshono unaotegemea kuzibwa, hata karavani iwe ya juzi. Ndiyo sababu wao wenyewe hutoa dhamana ya miaka 6 au 10 dhidi ya maji, halafu wanaweka sharti kwamba bodi ikaguliwe kila mwaka. Karavani ikishavuka bahari, sharti hilo hakuna anayelitimiza, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya dhamana.

Iko na njia ya nne, ambayo naipenda kuliko zote kwa mji wetu: maganda mawili ya faibaglasi, la chini na la juu, yanayokutana kiunoni. Boler ya Kanada, iliyoanza mwaka 1968, ilijengwa hivyo, na nyingi bado zinatembea. Paa halina mshono hata mmoja. Na mafundi wa faibaglasi hatuna shida nao, wale wanaotengeneza boti Mtwapa wanaijua kazi hii kuliko mimi. Kuhusu zile za Marekani zinazong'aa kama sufuria mpya, za Airstream, nitasema tu kwamba zina riveti kwa maelfu, na anayezipenda ajue anachokipenda.

Hatua ya pili: kagua iliyotumika

Usiende kukagua Februari. Kaskazi inavuma, kila kitu kimekauka, hata ukuta uliooza unaonekana mzima. Mimi mwenyewe niliuziwa moja mwezi huo, kuta zimepakwa rangi mpya, nikajiona mjanja wa bei. Mei ilipoingia, na Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, kabati la juu lilishuka na skrubu zake zote, zimeshika unga wa mbao. Nenda kipindi cha mvua, au siku mbili baada ya mvua kubwa.

Ukifika, anza na pua. Ukikuta muuzaji amefukiza udi ndani, usimsifu. Fungua madirisha, ongea naye mambo ya mpira nusu saa, funga tena, subiri kidogo, kisha ingia. Harufu ya ukungu hairudishwi nyuma na udi kwa muda mrefu.

Halafu kidole. Bonyeza pembe zote nne kuanzia juu hadi chini, chini ya kila dirisha, ndani ya makabati ya juu pale ukuta unapokutana na paa, kuzunguka tundu la hewa, na juu ya matao ya magurudumu, ambapo maji ya barabarani hurushwa kutoka chini. Fungua droo na masanduku ya viti, maana muuzaji akipaka rangi hupaka panapoonekana. Alama ya rangi ya chai ukutani, vitobo vidogo vyeusi, karatasi ya ukuta iliyojikunja: hayo ni maji. Ukutani kwa nje, ukiona bati la alumini lina vitundu vidogo vyenye unga mweupe pembeni, alumini inaliwa kutoka ndani.

Kisha miguu. Vua viatu, tembea polepole, hasa mlangoni na mbele ya jiko. Sakafu ikibonyea na kulia, gundi imeachia. Hilo peke yake halinifukuzi: hutobolewa vitundu, ikasukumwa gundi ya epoksi ndani, ikabanwa kwa uzito hadi ikauke. Lakini ikibonyea na iwe na maji, hiyo ni habari nyingine.

Kipima unyevu cha sindano mbili ni kitu cha kununua, si cha kuazima. Kwenye mbao, wakaguzi huchukulia chini ya asilimia 15 kuwa salama. Kati ya 15 na 20, rudi upime tena baada ya muda. Ukivuka 20 tafuta maji yanapotokea, na zaidi ya 30 ujue mbao imeshaharibika au iko njiani. Ila kifaa hiki kinapima umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme. Ukuta wa karavani iliyokaa mita mia kutoka baharini unaweza kusoma juu bila kuwa na tone ndani. Pangusa kwanza kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, pima. Na ukipima karibu na fremu ya alumini, kifaa kitakudanganya vilevile. Usitazame namba moja, linganisha upande na upande: ukuta wa kulia ukisoma 12 kote na wa kushoto ukisoma 12, 13, 27, hapo kwenye 27 ndipo pa kuuliza.

Jambo dogo la pembeni: karavani za Uingereza mlango wake uko kushoto, upande wa kando ya barabara kwetu. Nyingi za bara Ulaya mlango uko kulia. Ukinunua hiyo ya pili, wateja wako wa kahawa watasimama upande wa magari yanayopita.

Hatua ya tatu: ukijengewa hapa

Mafundi bodi wetu ni hodari, lakini wengi wamelelewa na matatu. Watakujengea mabomba ya chuma ya mraba, wachomelee, wapigilie bati, wajaze viungo kwa bodifila, wapige rangi. Itapendeza. Baada ya mwaka bodifila itapasuka, kwa kuwa ni ngumu kama kauri na kiungo kinatembea, na chuma kitaanza kutu kwa ndani. Waambie mapema unataka nini.

Paa liwe kipande kimoja, na kingo zake zishuke ubavuni zilalie ukuta, kama mabati ya nyumba au magamba ya samaki: cha juu kinalalia cha chini. Kiungo cha namna hiyo hata gundi ikifa, maji yanateleza nje kwa uzito wake. Kiungo kinachotazama juu, chenye reli na skrubu, kikifa kimekufa. Kama huwezi kupata faibaglasi ya kipande kimoja, jaribu panel za sandwichi zinazojengewa vyumba baridi vya samaki. Zina ngozi imara pande zote mbili na hazina ubao ndani.

Paa lisiwe sawasawa kama meza. Litiwe mteremko au mgongo kidogo, maji yasilale.

Usitoboe paa bila sababu utakayoweza kuieleza. Sola hubandikwa kwa mabano yanayogandishwa na gundi ya poliyurethani, ileile ya vioo vya mbele vya magari, na waya upite kwenye tundu moja lenye kifuniko chake. Taa, kamera, nguzo ya bendera, vyote viende ubavuni au viache. Nimewahi kufungua paa lenye matundu kumi na moja, saba kati yake ya vitu ambavyo havipo tena.

Panapolazimu kufunga alumini kwa riveti, chagua zile zilizozibwa mkiani, maana riveti ya kawaida ina tundu katikati. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zikigusa alumini moja kwa moja kwenye hewa ya bahari, ni alumini ndiyo inayoliwa. Weka mastiki kati yake, shingoni na kwenye nyuzi.

Sakafu itakuwa ya plaiwudi ya boti, na kingo zake zipakwe epoksi kabla ya kufungwa, kila ukingo na kila tundu la bomba. Plaiwudi hunywa maji kwa ukingo. Ukisubiri kupaka ikishafungwa, umechelewa.

Na gundi ya viatu, tafadhali, ikae mbali na polistireni. Inaiyeyusha. Fundi atapaka, atabana, kesho utakuta pengo pale palipokuwa na povu. Asetoni nayo hufanya hivyohivyo, na inayavuruga madirisha ya plastiki yakawa kama barafu.

Hatua ya nne: kuziba mshono

Silikoni ya bafuni ndiyo inayonipa kazi nyingi, na nisijitoe: miaka yangu ya kwanza niliitumia. Nilizungusha paa zima la mteja mmoja, kazi safi, nyeupe. Masika ya pili ikabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemka. Ubaya wake mkubwa hauko hapo. Ikishapita mahali inaacha utando ambao hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Nilikwangua siku tatu.

Kupaka juu ya mshono uliokufa pia hakusaidii. Maji yameshajua njia, na wewe umefunga mlango wa kutokea. Mshono hufunguliwa. Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Toa kipande chote, reli au fremu ya dirisha, usichungulie ukingo tu. Skrubu zilizoshika zipashe joto kidogo kwa ncha ya chuma cha kulehemu waya.

2. Kwangua mastiki ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao. Bisibisi inakwaruza bati na kuacha mifereji ya maji. Mabaki yapanguse kwa spiriti, karibu na plastiki na povu usimwage.

3. Chungulia mbao kwenye matundu. Ikiwa laini, simama hapo. Kausha, ondoa iliyooza, weka mpya. Skrubu haiwezi kushika uji.

4. Laza mkanda wa butili, ule unaobaki kama ubani uliotafunwa, juu ya mstari mzima wa matundu, bila kukatika. Pembeni usiunganishe ncha kwa ncha, lalisha moja juu ya nyingine.

5. Rudisha kipande, kaza skrubu kuanzia katikati kwenda pande zote mbili, nusu nusu. Butili itajikamua nje. Usikaze mpaka itoke yote. Inahitaji kubaki unene fulani ili ifuate bati linapotanuka.

6. Subiri jua la siku mbili tatu, kaza tena robo mzunguko, kata iliyotoka.

7. Ukingo wa juu tu, pitisha mstari mwembamba wa gundi ya nje inayostahimili jua. Ukingo wa chini uache wazi. Maji yakipata njia ya kuingia lazima yapate njia ya kutoka.

Hiyo ya saba mafundi hubishana nami. Nawaachia.

Hatua ya tano: pima kabla mvua haijakupimia

Mtu mmoja ndani na tochi, mmoja nje na mpira wa maji. Anza chini, dakika kumi kila usawa, panda taratibu: matao ya magurudumu, madirisha, reli, paa. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Usielekeze kwa nguvu kama unayeosha lori. Mvua haipigi hivyo, na utalazimisha maji kupita raba iliyo nzima.

Kipimo kizuri zaidi hakitumii maji ndani. Ziba matundu ya hewa kwa muda kwa nailoni na utepe, elekeza feni yenye nguvu ipulize ndani kupitia dirisha moja lililofunikwa vizuri kuizunguka, kisha pakaa povu la sabuni kwenye mishono yote kwa nje. Penye mapovu pana tundu. Vyombo vya karakana za Uingereza hufanya jambo hilohilo.

Ukimaliza, fungua kila ulichoziba, na hasa yale matundu ya sakafuni karibu na jiko na sanduku la gesi. Nimeona watu wameyaziba wakidhani ni kasoro ya kiwanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutoka. Karavani inayovuja maji utaitengeneza. Iliyojaa gesi haikupi nafasi hiyo.

Kama povu halionyeshi kitu na bado kuna majimaji asubuhi, huenda si mvua. Kupika na kulala watu watatu humo kunatoa mvuke mwingi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo kote. Kesho majimaji yakiwa juu ya nailoni, ni pumzi zenu. Yakiwa chini yake, ni ukuta. Na mwenye AC atazame kwanza bomba lake la kumwagia maji. Mteja wa Nyali alinilipa nifungue ukuta, kumbe mjusi alikuwa amefia humo.

Hatua ya sita: kuishi nayo Mombasa

Kagua mara mbili kwa mwaka: Machi kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Ioshe kuondoa chumvi, na uioshe kwa maji matamu. Nasema hivi kwa sababu kisima cha kwako huenda ni cha maji ya chumvi, na hapo unaiongezea maradhi kwa ndoo.

Kivuli cha makuti ni dawa kubwa, bati halifiki zile nyuzi 64 na mastiki inaishi zaidi. Fagia tu majani yanayoanguka paani, yanashika unyevu kwenye reli. Turubai la plastiki lililofungwa moja kwa moja juu ya bodi silipendi: upepo wa kusi unalisugua, na chini yake kunatoka jasho. Ukiegesha, inua pua au uishushe kidogo ili maji yawe na upande wa kwenda.

Na ukuta ulioloa, ukiamua kuufungua, usubiri kaskazi. Desemba hadi Februari, toa plaiwudi ya ndani, acha wazi, weka feni, pima kila asubuhi saa ileile. Ukisoma chini ya 15 siku tatu mfululizo, funga.